Deraya ya Mchawi

Jirani amepiga pasi ya mkaa kwenye kitenge kibichi, na harufu yake imenirudisha mtaani Biryogo, kwenye baraza ya shangazi yangu, fundi cherehani.

Pale tulicheza mchezo wa hadithi na dadu, kila mtoto na mhusika wake. Mimi nilikuwa mchawi. Kaka yangu ndiye aliyeshika kitabu cha sheria, na vita vilipokaribia akaninyima vazi la kujikinga.

“Mchawi havai deraya ya chuma. Imeandikwa hapa.”

“Ya chuma,” nikasema. “Mimi navaa ya kitambaa.”

“Kitambaa kitazuia mkuki?”

Wenzetu wakacheka. Nikaokota mabaki ya vitenge chini ya cherehani, nikayapanga tabaka kumi na mbili, nikampa kaka sindano ya shangazi.

“Toboa.”

Alisukuma kwa kidole gumba, kisha kwa ukingo wa benchi. Sindano ikakatika. Kicheko nacho kikakatika. Kaka akafungua kitabu, akasoma tena, akakifunga.

“Haya, vaa.”

Shangazi aliitazama sindano yake, akachukua yale matabaka, akayapima begani mwangu.

“Na mikono unataka?”