Vifaranga vya Unga na Siagi

Mtaani walimwita Fundi, na wengi hawakuwahi kujua jina lake jingine. Alikuwa mshonaji, mwanamke mrefu asiyekosa pini mdomoni. Alishonea chumba cha mbele na kulala chumba cha nyuma. Hakuolewa wala hakuzaa, lakini alilea.

Ilikuwa hivi. Wifi yake wa kwanza alifariki akijifungua. Kaka yake, dereva wa malori ya safari ndefu, akabaki na kichanga mikononi huku safari ikimngoja. Akaja kwa dada yake, mtoto amefunikwa koti la kazi linalonuka dizeli.

"Dada, nishikie huyu mpaka nijipange."

"Mtoto si mzigo wa kushikiwa, kaka," Fundi alisema, lakini mikono ilikuwa imeshampokea.

Huko kujipanga kulichukua muda hata mtoto akang'oa meno ya utoto na kuota mengine. Alikuwa msichana mwenye alama nyeusi kando ya pua, ndiyo maana akaitwa Kidoti. Alijifunza kutambaa chini ya meza ya kukatia vitambaa, na neno lake la kwanza lilikuwa mama.

"Mimi ni shangazi," Fundi alimsahihisha.

"Mama."

Akamsahihisha wiki, akamsahihisha mwezi, mwisho akachoka. Au tuseme ukweli: hakuchoka, alipenda.

Pasaka ndiyo ilikuwa sikukuu yao wawili. Mabaki ya vitambaa vya wateja waliyashona ndege wadogo, wakawajaza pamba na kuwaning'iniza dirishani na mlangoni kwa uzi, hata wateja warefu wakawa wanaingia wameinama. Mayai waliyabandika majani mabichi, wakayafunga kwa vipande vya soksi nyembamba na kuyachemsha na maganda ya vitunguu. Soksi ikifunguliwa, yai limekuwa la hudhurungi, na mahali pa jani pamebaki peupe, mishipa yake yote inaonekana. Kisha biskuti za umbo la kifaranga. Kidoti alizikata mwenyewe kwa kisu, bila kibati cha umbo.

"Huyu ni kifaranga au kandambili?" Fundi aliuliza.

"Ni kifaranga amelala!"

Wakacheka mpaka unga ukapeperuka.

Halafu kaka akapata kazi ya kukaa, kwenye karakana ya mji mwingine, akaoa. Akaja siku moja amevaa shati lililopigwa pasi.

"Nyumba ipo, mke yupo. Mtoto akae na baba yake sasa."

Fundi angesema nini? Watu husema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na yeye hakuwa mzazi. Alikunja nguo za mtoto moja moja, akaongeza sweta, akafunga begi. Kidoti alidhani wanahama wote.

"Mama, na cherehani tunaibeba?"

Pasaka iliyofuata walikuja kumtembelea. Fundi alikuwa amening'iniza ndege dirisha zima. Kidoti aliingia mbio, amerefuka, nywele zimesukwa mtindo mpya. Fundi alikuwa jikoni anakanda.

"Mama, njoo uone!" mtoto alipaza sauti.

"Nini, mwanangu?" Fundi akageuka, mikono yote unga.

Lakini Kidoti alikuwa amemnyooshea ndege wa kitambaa mke wa baba yake, aliyesimama mlangoni. Mtoto akaona wanawake wawili wamemgeukia kwa pamoja. Akainamisha uso.

"Samahani, shangazi," akasema.

Hilo shangazi Fundi angelimeza. Samahani ndiyo iliyomkaba. Akarudi kwenye kukanda, akakanda mpaka kinyunga kikawa kigumu, akalazimika kukitupa na kuanza upya.

Baadaye wifi yake mpya alimfuata jikoni. Hakuwa mtu mbaya, na hapo ndipo palipouma zaidi. Ukiwa na mbaya wako, angalau una wa kumlaumu.

"Wifi, nina ombi. Ukikataa sitakulaumu. Mtoto anazililia sana hizi biskuti kule nyumbani. Nimejaribu, zinatoka ngumu kama kigae. Nifundishe."

Ujuzi wenyewe ulikuwa mdogo tu: siagi iwe baridi, na uifikiche ndani ya unga kwa ncha za vidole, usiikande ikayeyuka. Fundi angeweza kuuficha. Angemwelekeza mengine yote, hilo moja likabaki lake, na kila mwaka mtoto angetaka kurudi kwa shangazi. Shetani alimpitia, akakaa naye kidogo.

Kisha akasikia Kidoti akicheka kule chumbani.

"Osha mikono kwa maji baridi kwanza, wifi," akasema. "Vidole vikiwa na joto, vinaharibu siagi."

Akamfundisha yote. Hakubakiza kitu.

Mwaka uliofuata aliandaa kama kawaida. Jumamosi, mayai yakiwa bado jikoni, kaka yake akapiga simu.

"Dada, mwaka huu hatutakuja. Kidoti na mama yake wamepika wenyewe, nyumba nzima unga mtupu! Zungumza naye."

"Shangazi! Zimetoka nzuri kuliko zako!"

"Ehee! Mwanafunzi kamshinda mwalimu," Fundi akajibu, akacheka sawasawa, kama mtu anayecheka kweli. "Na vifaranga?"

"Sikati kwa kisu tena. Mama amenunua kibati cha umbo la kifaranga."

"Vizuri, mwanangu. Kuleni vizuri."

Simu ilipokatika alizima moto. Mayai akayaacha yapoe humo humo, hayajafunguliwa soksi.

Asubuhi ya Pasaka mtaa mzima ulivaa mpya. Fundi alifunga mlango, akakaa kwenye cherehani bila kitambaa, bila uzi, akaanza kukanyaga. Ilikuwa cherehani kuukuu yenye kelele, na kilio chake kikapotea humo. Kila aliponyanyua mguu, kilisikika, akakanyaga tena.

Jirani yake, mwanamke mtu mzima anayeuza sabuni, akagonga dirisha.

"Fundi! Hata leo hupumziki?"

Alijifuta uso kwa mkono wa gauni.

"Kazi nyingi, dada," akajibu. "Kazi nyingi mno."