Maji Meusi ya Jumatatu

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa ndoo. Nilikuwa nimefika katika kiwanda cha nguo hapa Eldoret nikiwa na suti ya kijivu na shahada ya uhandisi wa mitambo ndani ya bahasha ya plastiki, nikitarajia kuonyeshwa meza yangu. Mhandisi Mkuu, mzee mfupi aliyebeba kalamu tatu mfukoni na ambaye sikuwahi kumwona akiandika na hata moja, alitazama viatu vyangu kabla ya kunitazama usoni.

"Binti, hiyo karatasi weka kabatini isilowe. Utaanza na hii ndoo. Mashine ikikataa kutoa maji, usikimbilie spana. Kwanza chota hayo maji uone yana rangi gani."

"Halafu, Mzee?"

"Halafu uliza mwenye kuitumia. Yeye ameshinda nayo siku nzima. Wewe umekuja tu juzi na vyeti."

Niliyaandika yote mawili daftarini. La kwanza nimelishika maisha yangu yote. La pili nililiacha njiani, na usahaulifu huo nusura umfanye mtu afutwe kazi. Ninyi mnaoingia katika ufundi huu sasa, nawaandikia hasa kwa sababu ya hilo la pili.

Kutoka kiwandani nilihamia chumba cha kufulia cha hospitali, chini ya Matroni aliyekagua mashuka kwa pua. Alilinusa shuka, akasema, "Hii haijasuuzwa," na kila nilipokwenda kupima mashine nilikuta ni kweli. Baada ya miaka kadhaa nikaajiriwa na hoteli moja mjini kuwa Msimamizi wa Matengenezo. Kufikia hapo nilikuwa na mafundi chini yangu, na nilikuwa nimeanza kusahau kwamba pua ya Matroni iliwahi kunishinda.

Hoteli hiyo ilikuwa na mashine kubwa ya kuosha vyombo. Kwa asiyeifahamu, ni sanduku la chuma ambalo ndani yake maji ya moto yenye sabuni hurushwa kwa nguvu kutoka juu na chini. Maji yakishachafuka hushuka kupitia chujio, yakaingia kwenye pampu ndogo yenye mabawa, nayo pampu huyasukuma kwenye mpira wa maji hadi kwenye bomba la maji taka. Njia ni hiyo moja tu. Maji yakikataa kutoka, basi kuna kizuizi kwenye chujio, pampu, mpira au bomba, ama pampu haipati umeme. Ukifuata njia hiyo hatua kwa hatua, huwezi kukosa jibu. Ukiishia katikati kwa sababu umechoka kutafuta, utapata jibu pia, ila litakuwa la uongo.

Aliyeiendesha mashine hiyo alikuwa Mama Nasimiyu, mjane kutoka upande wa Webuye aliyekuwa akiwasomesha watoto watatu kwa kazi hiyo. Alikuwa na sauti ya kuvuka uwanja na mizaha ya kutosha jiko zima. Mimi aliniita Injinia, na sikujua kila mara kama ilikuwa heshima au kejeli.

Jumatatu moja alinipigia simu. "Injinia, hii kitu imekataa kutapika. Maji imesimama ndani kama dimbwi, na ni meusi."

Nilikwenda. Ndoo sikuibeba, kwa kuwa kulikuwa na fundi wa kubeba ndoo. Nilifungua chujio, nikakuta vipande vya mifupa ya kuku na kijiti cha kuchokolea meno. Nikalisafisha, fundi akachota maji na kuyamwaga, mashine ikaanza kutoa maji polepole, nami nikaandika ripoti: kosa ni la mwendeshaji, anaingiza sahani zenye mabaki. Mama Nasimiyu aliniambia jambo kuhusu maji meusi. Nilimjibu, "Mama, wewe toa mifupa kwenye sahani kwanza." Wenzake walicheka. Yeye hakucheka.

Akapewa barua ya onyo. Wiki tatu baadaye, Jumatatu tena, mashine ikajaa. Nilituma fundi, akakuta wali kwenye chujio, nami nikatia sahihi ripoti ile ile bila kushuka ngazi. Barua ya pili ikatoka. Katika hoteli ile, barua ya tatu haikuwa onyo tena.

Mara ya tatu, Jumatatu vilevile, Meneja Mkuu aliniita ofisini. Alikuwa mtu mpole aliyependa mambo yaishe.

"Nataka ripoti yako kabla ya saa nane. Kama ni yule mama tena, leo ndiyo mwisho wake. Sitaki maneno."

Nilipokuwa nikishuka ngazi nilijiuliza swali ambalo lingepaswa kunijia mapema: inakuwaje mwanamke mmoja awe mzembe Jumatatu pekee? Nilipitia stoo, nikachukua ndoo.

Mama Nasimiyu alikuwa amesimama kando ya mashine, aproni ameivua na kuikunja. "Nimeshaikunja, Injinia. Usije ukasumbuka kuniambia."

"Ivae kwanza, Mama. Niambie ulichokiona."

"Leo ndiyo unauliza?"

"Leo."

"Haya. Jumanne mpaka Ijumaa, inatapika sawa. Jumamosi kuna wageni wa harusi na wa posa, bado sawa. Jumatatu asubuhi nikimaliza vibuyu, inaanza kukohoa. Maji inarudi nyeusi, na inanuka moshi."

"Vibuyu?"

"Vya maziwa. Mpishi Mkuu alisema kila kitu cha chakula kipite kwa mashine, ni sheria ya usafi. Mimi naosha nilichopewa."

Nilizima umeme ukutani na kuchota maji. Yalikuwa ya kijivu kizito, na kweli yalinuka moshi. Chujio lilikuwa safi kabisa. Mama Nasimiyu alikuwa amelisugua kwa mswaki. Nilizungusha mabawa ya pampu kwa kidole, yakazunguka bila shida. Niliporudisha umeme kwa muda mfupi, pampu ilinguruma: haikuwa imekufa, ilikuwa inasukuma kitu kisichosogea. Nikazima tena. Nikachomoa ncha ya mpira kutoka kwenye bomba la maji taka, nikaitumbukiza ndooni, nikawasha. Kama kizuizi kingekuwa kwenye bomba la jengo, ndoo ingejaa. Yalidondoka matone tu. Basi kizuizi kilikuwa ndani ya mpira.

Tuliisogeza mashine, yeye na mimi. Nyuma yake mpira ulikuwa umelala sakafuni ukiwa umebonyea katikati kama tumbo, pale ambapo maji hutuama na uchafu hukaa. Mpira unapaswa kutundikwa juu ukutani kwanza, ndipo ushuke. Nilijua ni nani aliyeuacha hivyo. Nilikuwa nimeufunga mimi mwenyewe siku mashine ilipoletwa, kwa haraka, nikijiambia kwamba nitarudi kuutundika.

Nilipoukamua, ulitoa utope mweusi, laini, wenye mafuta, unaonata kama grisi. Nilikuwa bado nimeushika kiganjani, nikiushangaa, niliposikia ugomvi kwenye mlango wa nyuma. Alikuwa Mama Chebet, mfugaji wa Chepsaita, aliyetuletea mursik kila Jumamosi, yale maziwa yaliyogandishwa kwenye kibuyu, na kuvichukua vibuyu vyake kila Jumatatu.

"Mnafanyia sotet zangu nini?" alimwuliza Mpishi Mkuu, akiviita vibuyu kwa jina lao la Kikalenjin na kumsogezea kimoja puani. "Hiki kimekufa! Kinanuka sabuni. Kila wiki maziwa yanazidi kuharibika, na ya wiki jana yameharibika yote, watu wanauliza kama nimesahau kazi ya mama yangu."

"Mama, tumekuoshea tu. Na maji ya moto kabisa."

"Nani alikutuma? Ndani nimepaka makaa ya mti wa senetwet, nimesugua mpaka yakashika. Hiyo ndiyo inafanya mursik iwe mursik. Wewe umeikwangua yote! Imeenda wapi?"

Niliinua kiganja changu. "Iko hapa, Mama."

Aliusogelea utope, akaunusa kama Matroni wangu wa zamani, kisha akaangua kicheko hadi akashika mlango. "Uuwi! Mmenywesha mashine mursik!"

Mpishi Mkuu, ambaye alikuwa amekuja kutoka Nairobi na hakuwa amewahi kuona kibuyu kikipakwa makaa, alichungulia ndani ya kibuyu. Makaa laini yalikuwa yakipenya tundu za chujio bila kuacha alama, yakachanganyika na mafuta ya maziwa, kisha yakatulia kwenye tumbo la mpira. Siku nyingine maji mengi yalikuwa yakiyasukuma kidogo kidogo. Jumatatu yalifunga njia.

Niliutundika mpira ukutani mbele yao. Nilipowasha, maji yalitoka kwa kishindo. Kisha nikaandika ripoti, na nawaambia wazi kwamba nilikaa na kalamu muda mrefu kuliko nilivyokaa na mpira. Ningeweza kuandika habari za vibuyu pekee, ikawa kweli, na ikatosha kumwokoa Mama Nasimiyu. Niliandika pia kwamba mpira ulifungwa vibaya nami, na kwamba ripoti zangu mbili za kwanza zilikuwa za uongo kwa kuwa niliziandika kabla ya kufika mwisho wa njia ya maji.

Meneja Mkuu aliisoma mara mbili. "Unajua hii itakaa kwenye faili yako?"

"Barua zake ziko kwenye faili yake, bwana. Zitoke hizo, hii ikae."

Zilitolewa. Nilimpelekea habari Mama Nasimiyu mwenyewe. Alikuwa akipanga vikombe, na hakugeuka. "Umenirudishia kitu ambacho wewe ndiye ulichukua, Injinia. Asante sitasema." Mama Chebet naye alipewa ahadi kwamba vibuyu vyake havitaguswa na mtu yeyote, na mursik ikaendelea kuja.

Nimestaafu mapema mwaka huu, nikiwa bado na nguvu za kulima shamba la mahindi la wazazi wangu kule Turbo. Watu huniuliza ni mitambo gani iliyokuwa migumu zaidi. Mitambo yenyewe haikunichosha. Pampu hunguruma, mpira hubonyea, na ukivumilia unaona kila kitu. Kilichonishinda ni kuamini kwamba mtu asiye na cheti anaweza kuwa ameshaona jibu wakati mimi bado natafuta bisibisi.

Siku ya kuagwa kulikuwa na keki na hotuba, na faili yangu, nasikia, ikatumwa makao makuu ikiwa na ukurasa ule. Watu walipotawanyika nilishuka jikoni. Mama Nasimiyu alivuta kiti, akanimiminia chai, akasimama mbele yangu mikono kiunoni.

"Injinia, leo nakuuliza mimi. Ile siku ya kwanza kabisa, nilipokuambia habari ya maji meusi, ulinisikia?"

Nilifikiria kusema kwamba kulikuwa na kelele.

"Hapana, Mama. Sikukusikiliza."

"Nilijua," alisema, akanisogezea bakuli la sukari. "Nilitaka tu uliseme. Sasa asante. Kunywa chai."