Siku Sumaku Ilipokataa Kupita Juu ya Shaba

Wengi wenu mmeusikia mkasa huu kwa midomo ya wengine, na kila mmoja ameutia chumvi yake, kwa hiyo leo nausema mwenyewe, aibu na yote: mimi ndiye yule mtu wa Majengo aliyemwita jirani yake mwizi mbele ya uwanja mzima, na kabla mate hayajamkauka mdomoni akaonekana mwizi yeye, kwa ushahidi wa sumaku aliyoileta mwenyewe na kuining'iniza kwa mkono wake mwenyewe. Na waliochangia nitawataja. Sijazeeka kiasi cha kusahau majina, na wao wakitaka kuandika yao waandike.

Ilikuwa miaka ya sabini ikielekea kwisha. Mimi, Musyoka, nilikuwa na chumba cha kupanga mtaa wa Jericho, na kila asubuhi nateremka kwa miguu hadi uwanja wetu wa vyuma chakavu kule Majengo. Shule nilifika darasa la nne, baba akasema ng'ombe hawana mtu, nikaishia hapo. Kazi yetu ilikuwa kukusanya nyaya za shaba, kuzivua mpira, kuziyeyusha kwa makaa na mivukuto, kisha kumwaga tupate vipande vinene tulivyoviita mikate. Sasa, mkate wa shaba ni kama sambusa, kilichomo ndani anakijua aliyeipika. Mtu mwenye roho mbaya angeweza kutumbukiza bolti ya chuma katikati, ukauziwa chuma kwa uzito wa shaba. Ndiyo maana uwanja ulikuwa na sheria moja, na ilikuwa kali: ukipatikana na chuma ndani ya mkate, unafungiwa mzani. Hakuna atakayepima mzigo wako tena pale, unabeba nyundo yako unakwenda zako, na kibanda chako anapewa mwingine.

Mwenye mzani alikuwa Kilonzo, na huyo ndiye wa kwanza kumtaja. Mtu wa kwetu kabisa, kijiji cha pili kutoka kwa mama yangu, mwenyekiti wa uwanja, kanisani anakaa benchi la mbele, na alikuwa na shemeji yake aliyekuwa akizungukazunguka pale akitafuta kibanda (vibanda vyote vilikuwa na wenyewe, hilo mliweke akilini). Wa pili ni Wambua, rafiki yangu wa kula naye sahani moja. Huyo ndiye aliyeninong'oneza siku moja, "Musyoka, hujaona mikate ya Njuguna inavyokuwa mizito siku hizi? Huyo ana siri." Mimi na Njuguna tulikuwa tumepakana vibanda, na tulikuwa tumeshagombana juu ya kila kitu, kuanzia moshi hadi kivuli, kwa hiyo maneno hayo yaliniingia vizuri kama uji wa moto asubuhi.

Ndipo nikafanya uamuzi wangu mdogo. Sisi wote tulikuwa na visumaku vya redio vidogo, unagusisha tu, kikishika ni chuma, kisiposhika pita. Nikajiambia, kisumaku hiki hakifiki katikati ya mkate, Njuguna anajua hivyo, ndiyo maana anacheka. Nikatafuta sumaku ya spika kubwa ya sinema, duara nene kama kifuniko cha birika, yenye nguvu ya kukunyang'anya kisu mkononi. Ningeijaribu kwanza nyumbani kwangu, kimya kimya, mkasa huu usingekuwepo. Lakini mimi? Mimi nilitaka watu.

Jumamosi asubuhi, siku ya kupima, uwanja umejaa, nikaifunga sumaku yangu kwa kamba ya katani nikaining'iniza kwenye boriti. Nikaisukuma, ikaenda kushoto, ikaja kulia, ikaenda, ikaja, haina haraka na haichoki. Watu wakaanza kusogea.

"Bwana Njuguna," nikaita, "lete mkate wako mnene hapa chini."

"Wa nini?"

"Kama ni shaba tupu, unaogopa nini?"

Akauleta. Nikaisukuma sumaku tena, na safari hii ilipofika juu ya ule mkate ikapunguza mwendo ghafla, kama mlevi aliyekutana na padri, ikajikokota mara mbili, ikasimama kabisa. Kilonzo alikuwa karibu yangu. Akasema kwa sauti ya huruma, "Aa, Musyoka, sema basi ulichoona." Nami nikasema. Nilisema kwa nguvu zangu zote.

"Mwizi! Kuna chuma humo ndani! Mwizi!"

Watu wakaja kutoka sokoni, wanawake na vikapu vyao, mafundi na nyundo zao. Njuguna alijifuta mikono kwenye aproni yake akaniita kwa jina la mtoto wangu, "Baba Nduku, sasa tia wa kwako hapo."

Ningekataa vipi? Nikauweka mkate wangu, nilioumwaga mimi mwenyewe juzi yake, shaba safi kama dhamiri ya mtoto. Nikasukuma. Sumaku ikaja mbio, ikafika juu ya mkate wangu, ikapunguza mwendo, ikajikokota, ikasimama.

Nikajaribu tena, ikasimama tena. Nikaunyakua mkate kuugeuza, nikaigonga sumaku kwa bega, ikarudi na kunivamia kiunoni, twaa! ikang'ang'ania kifungo cha chuma cha mkanda wangu, pale pale mbele ya suruali, nami nikabaki nimefungwa kwenye boriti kama mbuzi wa Krismasi. Mwanamke mmoja akasema, "Chuma kimepatikana!" na hapo uwanja ukapasuka kwa kicheko. Nikavuta huku, nikavuta kule, mwishowe ikanibidi nifungue mkanda, na suruali yenyewe ilikuwa ya marehemu mjomba wangu, mtu mnene. Basi nikasimama nimeshika suruali kwa mkono mmoja na mkate kwa mkono mwingine.

"Wambua," nikamwita, "wewe si uliniona nikiumwaga mkate huu? Waambie."

Wambua akatazama viatu vyake. "Mimi sikuona vizuri," akasema. "Kulikuwa na moshi."

(Moshi! Yeye ndiye aliyekuwa akivuta mivukuto.)

Kilonzo akapanda juu ya pipa. "Ndugu zangu, sheria ni sheria. Mikate yote miwili imesimamisha sumaku. Nawafungia mzani Musyoka na Njuguna, leo hii. Vibanda viwili viko wazi." Na huku nyuma yake nikamwona yule shemeji akiwa tayari amepima kibanda changu kwa hatua.

Aliyetuokoa ni mke wa Njuguna, Mama Wanja, aliyekuwa akipika uji langoni pa uwanja. Alikuja na mwiko bado mkononi, akaichomoa sumaku kwenye mkanda wangu kwa shida, akaifungua kamba yake kwenye boriti, akaibandika juu ya mkate wa mumewe.

"Mwenyekiti, hii imeshika?"

"Si ilisimama…"

"Sikuulizi ilisimama. Nakuuliza imeshika?" Akauinamisha mkate, na sumaku ikaanza kuteleza, polepole, polepole, kama bibi harusi anayeingia kanisani. Akauchukua ubao wake wa kuwekea vikombe vya uji, akauinamisha vile vile, sumaku ikashuka mbio ikamwangukia kuku. Akaiweka kwenye bati la chuma, akalisimamisha wima, haikutoka. "Chuma kinashika," akasema. "Mkate huu unaichelewesha tu. Ni chuma gani kinachoachilia?"

Hapo, ndugu zangu, kichwa cha darasa la nne kikafunguka. Mimi nilikuwa nimevunja dinamo za baiskeli zisizo na idadi kutafuta shaba, na ndani ya kila moja nilikuta kitu kile kile, sumaku inayozunguka na waya wa shaba pembeni yake, havigusani. Nikainyakua baiskeli ya Wambua (sikumwomba), nikaigeuza miguu juu. "Njuguna, kwanza nauchomoa waya wa taa. Zungusha gurudumu." Akazungusha, jepesi. Nikaurudisha waya. "Zungusha sasa." Taa ikawaka, na yeye mwenyewe akasema, "Aisee, limekuwa zito."

"Ndiyo hiyo!" nikapiga kelele, suruali mkononi. "Sumaku ikikimbia karibu na shaba, umeme unazaliwa ndani ya shaba. Kwenye dinamo una njia ya kwenda, unawasha taa. Kwenye mkate hauna pa kwenda, unazunguka mle mle kama maji yaliyokwama kwenye kona ya mto, na unaipiga breki sumaku iliyouzaa. Ikisimama, umeme unakufa, na shaba haina habari nayo. Mkate wa Njuguna ni safi. Na wangu ni safi. Mjinga alikuwa mimi."

"Leo darasa la nne limekuwa profesa," Kilonzo akasema, lakini watu hawakucheka naye, walikuwa wakisogea kujaribu. Nikanogewa. "Chochote cha shaba kitafanya vivyo hivyo," nikasema. "Hata masinia ya mzani huu."

"Mzani wangu usiguswe!" Kilonzo akaruka kutoka kwenye pipa.

Alichelewa. Nilikuwa nimeshaishusha sumaku kwa kamba yake karibu na lile sinia la kuwekea mawe ya kupimia, lililofungwa kitambaa kwa chini miaka yote, ati kuzuia kutu (shaba kushika kutu! nasi mafundi wa shaba hakuna aliyewahi kuuliza). Nilitarajia ipunguze mwendo. Haikupunguza chochote. Iliruka, pwaa! ikanata.

Mama Wanja akainua mwiko wake. "Hii haikucheleweshwa," akasema. "Hii imeshika."

Njuguna akakirarua kitambaa. Chini ya sinia kulikuwa na bamba la chuma limebandikwa na kupakwa rangi ya shaba, na kila mmoja wetu akakumbuka kwa wakati mmoja mizigo yote iliyopungua njiani kati ya kibanda na mzani. Sheria ni sheria. Kilonzo alifungiwa mzani, wake mwenyewe, akauondoa uwanjani akiubeba begani, shemeji yake akimfuata nyuma na yale mawe, na wanawake wa soko wakiwasindikiza kwa vigelegele hadi barabarani. Tulinunua mzani mpya, na mwenye kuushika akawa Mama Wanja.

Njuguna nilimwomba radhi pale pale, na mkewe akanihukumu kumchotea maji ya uji mwezi mzima, nikachota. Wambua hajaniomba radhi mpaka leo. Jina la Mkanda nililobandikwa siku ile sijalitoa.

Sumaku ninayo bado. Na niliapa, sitamwita tena mtu mwizi kwa sababu ya kitu nilichokiona kikipita mbio. Naiacha itulie kwanza. Ikiteleza, nanyamaza na kujilaumu moyoni. Ikishika, nataja jina, kama nilivyotaja leo.