Kuni za Ajiambo

Si kweli kwamba nasaha lazima zingoje mvi. Dada yangu ananiona naandika hapa mezani, anasoma mstari wa kwanza juu ya bega langu, anacheka. "Mwanangu, mwanangu," anasema. "Mwenyewe yuko wapi huyo mwana? Hata bwana huna." Namjibu kwamba mwanangu atakuja tu, na akija nitakuwa nimesahau nusu ya mambo, kama Mama anavyosahau, kila hadithi anaanzia katikati na kumalizia na ng'ombe wa babu. Mimi nataka kumwambia mwanangu neno likiwa bado lina moto. Wazee wanangoja mpaka neno lipoe ndipo wanampa mtoto, halafu wanashangaa mtoto hali.

Kwa hiyo, mwanangu, nakumbuka siku moja. Dada anazidi kucheka kwa sababu siku yenyewe ni leo.

Uujue kwanza mtaa wetu hapa Tororo. Ukisimama mlangoni petu unauona ule mwamba mkubwa mbele, reli iko nyuma, na katikati tuko sisi, watu wa kila pahali: Wasamia, Wajopadhola, Wateso kama sisi, Wajaluo waliofuata kazi ya reli na saruji. Hakuna aliye na shangazi karibu. Ukiugua, ukoo wako uko mbali, anayekuja na maji ni jirani. Ndiyo maana tuna Umoja wetu wa majirani. Tunazibua mitaro, tunafagia pale bombani, tunamfulia mzazi, tunamchotea maji aliyefiwa. Mwenyekiti ni Mama Athieno, mjane wa Kijopadhola, mnene, mwenye sauti ya chini. Mimi ni mtangazaji. Walinichagua kwa sababu nimesoma sekondari na kwa sababu, kama alivyosema Mama Athieno mbele ya watu wote, "huyu Amoding hata tusipomchagua atatangaza."

Kila Jumamosi napiga filimbi bombani, watu wanakuja na ndoo zao, nasema habari za wiki. Nani amejifungua, mbuzi wa nani amekula kabichi za nani, mtaro upi unanuka, nani ataleta jembe. Kazi hiyo naipenda, sitakuficha. Nikipiga filimbi, mtaa unanyamaza, hata kina mama wanaobishana foleni ya maji.

Leo mchana nilikuwa bado kuipiga. Mtaro tulikuwa tumeufikisha nusu, nami nilikuwa nafagia pale bombani. Akafika Egesa, yule anayebeba watu kwa baiskeli kule mpakani Busia. Alikuwa ameleta mteja mpaka mjini, jasho linamtoka. Akanivuta kando.

"Amoding, kuna neno baya," akasema. "Lori la samaki, lile la Wandera. Nimeiona kona ya Busitema, pale msituni. Iko miguu juu kama mende."

"Na watu wake?"

"Watu walikuwa wanasema wote kwisha."

Wandera ni jirani yetu, Msamia, mpakizi wa lori hilo. Mkewe ni Ajiambo, na tumbo la Ajiambo limeshuka wiki hii. Mimba ya kwanza ilimtoka mwaka jana, na mtaa mzima ulijua jinsi alivyokaa ndani bila kusema na mtu. Mimi nilimfulia siku zile. Kwa hiyo usifikiri nilikimbia kwa kupenda umbea.

Nilikimbia kwa sababu ya kuni. Kwetu hapa, msiba ukiingia, kuni zinatangulia machozi. Watu wa kwao Masaba watafika, wazee wake watafika, na wakikuta jiko la mtaa ni baridi watasema mtoto wao aliishi na mawe. Basi nikagonga mlango baada ya mlango, nikisema polepole: Wandera hayupo tena, lete kuni, usilie bado. Nilidhani nimefanya vizuri sana. Sikupiga filimbi hata. Nilijisifu moyoni kwamba ndiyo faida ya kusoma, unapanga mambo kabla watu hawajaanza kupiga kelele.

Mwanangu, kuna jambo ambalo sekondari haifundishi: kuni zinasema. Mwanamke mmoja akipita na kuni kichwani, anakwenda kupika. Lakini wanawake kumi na zaidi, mstari mmoja, saa za mchana, kila mmoja na mzigo, na hakuna anayemsalimu mwenzake, mtoto mdogo wa mtaa huu atakuambia maana yake. Na mimi niliwapanga mstari huo ukapita mbele ya mlango wa Ajiambo, kwa sababu ndiyo njia fupi.

Mlango ukafunguka. Ajiambo akasimama, mkono kiunoni, kitambaa kimelegea kichwani. Akatuangalia mmoja mmoja.

"Amoding," akaniita. "Nani amekufa?"

Mimi, ambaye mtaa mzima unanisikia kila Jumamosi, nikainama kukaza kamba ya mzigo uliokuwa umefungwa tayari. Nyuma yangu Mama Akoth, jirani wa ukuta mmoja na Ajiambo, akaanza kuvuta kamasi.

Hapo ndipo Mama Athieno akatokea kona ya duka, anatoka sokoni, kapu la nyanya mkononi. Akaona mstari. Akaona mlango. Hakuongeza mwendo. Alikuja vilevile, mguu huu, mguu ule, mpaka mbele ya Ajiambo, akatua kapu.

"Nani kafa?" akasema. "Hizi ni kuni za uji wako. Au ulifikiri mzazi anapikiwa kwa majani?"

"Kuni nyingi hivi, Mama?"

"Kwani wewe unajua umebeba wangapi humo?"

Ajiambo akacheka kidogo, lakini macho yake hayakucheka. "Na Mama Akoth analia nini?"

"Moshi."

"Moto haujawashwa."

"Ndivyo alivyo huyo, analia mapema asije akachelewa. Weka kuni, Mama Akoth. Wekeni zote hapa ukutani, halafu tukamalize mtaro. Amoding, njoo unisaidie kapu."

Kapu lilikuwa la nyanya chache. Alinipeleka nyuma ya jiko lake, nikamweleza habari ya lori, Egesa naye akaitwa. Nilidhani atanipigia kelele. Angepiga kelele ningemjibu, ninazo sababu zangu zote. Yeye akamgeukia Egesa kwanza.

"Lori uliliona?"

"Naona, Mama. Na macho yangu."

"Uso wa Wandera uliuona?"

"Uso sikuona. Watu walikuwa wengi."

"Nani alikuambia wamekufa? Yeye aliuona uso?"

Egesa akakuna shingo. "Yule alikuwa anasema wamemwambia."

Mama Athieno akanitazama. Nikasema haraka, kabla hajasema yeye, "Mama, lisemwalo lipo, kama halipo laja."

"Basi liacheni lije," akasema. "Kwa nini unalikimbilia njiani?"

"Na kama ni kweli? Tutakuwa tumechelewa."

"Kama ni kweli, mwanangu, kesho atakuwa amekufa vilevile. Kifo hakina haraka, kwani chenyewe kimeshafika. Mwenye haraka ni wewe."

Halafu akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akaniambia jambo ambalo nilikuwa nalisikia tangu utotoni bila kulisikia. Mtu aliyeliliwa akiwa hai haingii kwake. Kilio kikishatoka, yeye kwa desturi ni maiti, na maiti haifungui mlango ikasema nimerudi, nipakulieni. Atakaa nje mpaka wazee wa kwao waje, wamsafishe, wamrudishe kati ya watu. Wazee wa Wandera wako Masaba. "Leo ni Jumamosi, hata wakiitwa sasa hawafiki leo," akasema. "Tuseme Ajiambo amesikia, amepiga yowe, uchungu umemshika kabla ya wakati. Tuseme Wandera anatokea jioni. Atasimama hapo nje anamsikia mkewe anahangaika, na hawezi kuvuka kizingiti. Mtoto akiponyoka tena, utamtangazia nani?"

Nasaha zenu nyingi, wazee, ninazipinga, na hii nilitafuta pa kuipinga, sikupaona.

Akaninyooshea mkono. Nikampa filimbi. Akaitia kapuni chini ya nyanya. Akamwambia Egesa, "Rudi Busitema. Usiniletee habari. Niletee uso, wa mzima au wa maiti, lakini uwe umeuona wewe."

Egesa akapanda baiskeli. Sisi tukarudi mtaroni. Mwanangu, nimezibua mitaro mingi, lakini wa leo ndio ulikuwa mrefu. Siku nyingine kina mama wanaimba, wanataniana matope. Leo jembe tu. Kila aliyepita tulimsalimu kwa sauti kubwa kuliko kawaida, tukaonekana wajinga. Ajiambo akaleta kigoda chake akakaa kivulini, anatutazama.

"Wandera aliniahidi kuku," akasema, si kwa mtu yeyote. "Alisema atapita kwa shangazi yake Bulumbi. Nikamwambia mimi sitaki kuku, nataka urudi mapema."

Mama Athieno akasema, "Wanaume wanapenda kuleta kuku. Ni rahisi kuliko kurudi mapema." Wanawake wakacheka, cheko la kupita tu, likakatika. Mimi nilikuwa nimeinama kwenye matope, nikaendelea kuinama. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na ukingo wenyewe nilikuwa nimesimama juu yake, najua kitu ambacho mwenye kitu hajui, tena hata mimi sikijui.

Jua lilikuwa limegusa bega la mwamba tuliposikia kengele ya baiskeli. Egesa alikuwa anakuja taratibu kwa sababu amebeba. Nyuma yake, miguu mirefu ikining'inia, amekaa Wandera, kuku kwapani.

"Uso huu hapa," Egesa akasema. "Nimeukuta unatembea kwa miguu, tena unauliza bei ya kubebwa."

Alikuwa ameshuka Bulumbi kumfuata kuku huyo, mwanangu. Lori lilimwacha, likaenda kupinduka bila yeye. Na hata waliokuwa ndani hakufa mtu. Dereva amevunjika mkono, basi. Wandera alifika pale msituni akakuta lori lake miguu juu, akakaa chini, halafu akashika njia. Hakujua kwamba huku sisi tulikuwa tumeshamletea kuni.

Mama Akoth akafungua mdomo. Mama Athieno akamwahi. "Asilie mtu," akasema, kwa ile sauti ya chini. "Hata ya furaha. Machozi ni machozi, mlango hauulizi ni ya nini. Mpaka aingie."

Basi tukasimama pale na matope yetu mpaka magotini, tumefunga midomo, mabega yanatikisika, na Wandera anapita katikati yetu akisalimu, "Habari za kazi, habari za kazi," anashangaa mbona leo mtaa una adabu hivi. Akafika kizingitini kwake. Akavuka.

Nikakaa chini, palepale mtaroni.

Ndani tukamsikia Ajiambo. "Ndiyo huyu kuku? Umekaa mchana kutwa kwa ajili ya mifupa hii? Hata uji wangu una nyama kuliko yeye." Mama Akoth hapo akalia mpaka akashika ukuta, na hakuna aliyemkataza. Sisi wengine tulicheka, tukarushiana matope kama watoto wa shule, mpaka Ajiambo akachungulia dirishani kuuliza kama tumerogwa.

Nilipokwenda kuaga, alinishika mkono. "Amoding, kuni zenu ni za mwaka mzima," akasema. Akanitazama usoni. Nadhani anajua. Nadhani atanichapa kwa maneno siku akiwa na nguvu, na nitakuwa nimesimama pale pale nimsikilize.

Mama Athieno alinirudishia filimbi njiani. Ilikuwa inanuka nyanya. Akanipa na nyanya moja.

Basi sikia, mwanangu, utakapokuwa. Sikuambii ujifunze upole. Mimi mwenyewe sina, huenda na wewe hutazaliwa nao. Kimbia. Mtaa unahitaji watu wa kukimbia, Egesa asingekanyaga baiskeli yake tusingelala leo. Ila kabla hujakibeba kifo cha mtu mdomoni, jiulize uso wake nani ameuona. Ukiwa hujui, kamtafute kwanza. Na usidhani kwamba ukisema polepole hujasema. Kuna habari zinazotembea kichwani kama kuni, kila mtu anazisoma. Usimlilie mtu ambaye bado yuko njiani anakuja na kuku.

Mungu akupe majirani wenye mwendo kama wa Mama Athieno. Akupe mlango unaofunguka ukirudi, na mtu ndani yake wa kukugombeza kwamba umechelewa.

Dada anasema nizime taa, mafuta yanakwisha. Neno moja tu. Wale niliowagongea mchana, wengine hawakuja mtaroni. Walikwenda kazini, walikwenda sokoni, na wameibeba habari yangu kama nilivyowapa. Kwao Wandera bado hayupo. Kesho asubuhi, kabla ya kanisa, nitapita kila mlango niliopita leo, niwaambie nimemwona uso, ameingia kwake. Nitaanza na ule wa mbali kabisa, kule karibu na reli. Filimbi nitaiacha nyumbani.