Jasho la Mama

Juzi nilichemsha maji mbele ya wanafunzi wangu, nikashika kioo juu ya mvuke. Matone yalipoanza kutiririka, nilimkumbuka mama.

Nilikuwa bado mtoto, naye alikuwa amelala nyumbani kwetu Mollo, akitetemeka kwa homa. Shangazi alimfunika blanketi pamoja na sufuria ya majani ya mkaratusi yaliyochemka, harufu ikajaa nyumba nzima.

"Akitoka jasho tu, atapona," aliniambia.

Nje, baba alikuwa akijaza baiskeli upepo ili aende mjini kutafuta gari la kumpeleka mama hospitali.

Nilipenyeza mkono chini ya blanketi, nikamgusa mama shavuni. Lilikuwa limelowa chepechepe. Nikatoka mbio.

"Baba! Mama ametoka jasho!"

Baba alishusha pumzi, akaiegemeza baiskeli ukutani. "Tumshukuru Mungu. Basi tutampeleka kesho."

Mama hakuiona kesho.

Sasa najua kwamba mvuke ukigusa kitu kilichopoa kuliko wenyewe, hugeuka maji. Lile halikuwa jasho. Yalikuwa maji ya sufuria.

Baba amezeeka, na bado huwasimulia wageni kwamba mama alifariki akiwa ameshaanza kupata nafuu. Kisha hunigeukia mimi, mwalimu wa kemia, nithibitishe.

"Ndiyo, baba," humjibu.