Kairu Alipokauka Maziwa

Umri wangu hauniruhusu sana kusema "enzi zetu", lakini nyinyi mliolelewa Kibugu wakati mmoja na mimi mtanivumilia. Mnakumbuka asubuhi zile, ukungu umeshuka kutoka msituni na chai yote imelowa umande, nasi tunakwenda shule miguu mitupu. Baridi ilipouma tulijua pa kukimbilia: zizini. Ng'ombe akiangusha kinyesi, mtoto wa kwanza kufika alitumbukiza miguu humo na kufumba macho kwa raha.

"Toka, Wawira!" kaka yangu Njeru alinisukuma. "Hiyo ni yangu, nimeingoja!"

Ng'ombe wetu aliitwa Kairu, yaani "mweusi" kwa lugha yetu. Tukitoka shule tulimkatia majani ya nepia kando ya shamba la chai. Mavi yake Mama aliyabeba kwa karai hadi kwenye migomba na nduma. Maganda ya ndizi na vigogo vya migomba navyo vikarudi kwa Kairu, akavitafuna kwa kelele. Karibu kila kilichotoka shambani kilirudi, isipokuwa chai. Ile ilikwenda kiwandani na hatukuiona tena.

Kisha Kairu akakauka maziwa. Alipandishwa na kupandishwa, mimba haikushika.

"Anakula kutwa na hatoi hata kikombe," Baba alisema. "Ijumaa anauzwa."

Nililia hadi uji ukapoa.

Wiki hiyo hiyo mwalimu wa sayansi alichora ubaoni jua, nyasi, ng'ombe na mtu, akaviunganisha kwa mishale. Nikainua mkono.

"Mwalimu, mshale wa mavi uko wapi?"

Darasa lilicheka hadi madawati yakasogea. Mwalimu naye akacheka, akachora mshale kutoka kwa ng'ombe kurudi kwenye nyasi. Sikuridhika.

"Na lile joto linalotupasha miguu, linarudi wapi?"

"Halirudi. Likishatoka limekwenda zake, ndiyo maana tunahitaji jua kila siku. Keti, Wawira."

Jioni nilimchorea Baba yote hayo uani kwa kijiti, nikidhani nimemwokoa Kairu. Aliinama akatazama kwa makini.

"Mchoro mzuri," akasema. "Sasa ukamue tupate maziwa."

Ijumaa dalali wa mifugo akapanda kutoka Ishiara, kule chini kwenye joto na ukame. Alimpapasa Kairu mbavu, wakasikilizana na Baba, na Baba akaanza kufungua kamba. Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa zizi na karai lake.

"Sasa migomba yangu nitailisha nini?"

Dalali hakuwa mtu wa kuacha biashara impite. "Usijali, mama. Kule kwetu mbuzi ni wengi. Nitakuletea mbolea, lori zima. Watu wa huku juu tunawauzia kila msimu."

Mkono wa Baba ukasimama kwenye kamba. "Ngoja kwanza. Nikuuzie ng'ombe, halafu nije ninunue mavi kwako?"

"Si ndiyo biashara, mzee?"

Mama ndiye aliyeanza kucheka, karai likamtoka mkononi. Baba akaifunga kamba upya, polepole, akificha tabasamu. "Rudi kwenu, kijana. Huyu analala hapa."

Kairu hakutoa maziwa tena maisha yake yote. Alizeeka kwetu, na Baba aliwatambulisha wageni kwake kwa heshima: "Huyu ndiye meneja wa mbolea."

Sidai kwamba zamani kila kitu kilikuwa kizuri. Tulikuwa na funza, na visigino vyetu vilipasuka kama udongo wa kiangazi. Watoto wa leo wana viatu, nami nafurahi. Ila ukiwaambia tulivyopasha miguu wanaziba pua, kisha wanakuomba urudie ili wakurekodi kwa simu.

Zizi sasa ni gereji ya pikipiki ya mwana wa Njeru. Nilipokwenda nyumbani likizo iliyopita nilimkuta akiisugua kwa upendo ambao Kairu hakuwahi kuupata, na nyuma yake migomba imekonda, majani ya manjano.

"Anti, hii ikilala haili," alijisifu.

Ni kweli. Lakini ikiamka, inachotoa hakuna mgomba unaokitaka.