Dua Iliyotufikia Uani

Nyumba ya marehemu baba, katika mtaa wa zamani wa Garissa, ilikuwa na pande mbili. Mbele, barazani, wanaume walikula, wakazungumza habari za ngamia na kuamua mambo. Nyuma kulikuwa na ua wetu wanawake: kuta nene zilizopakwa chokaa, vyumba vinavyotazamana, mwarobaini katikati. Mwanamume asiye wa nyumbani hakukanyaga huko bila kupiga hodi na kungoja tujifunike.

Baba alikuwa tajiri wa mifugo, na ua ule ulijulikana mtaa mzima. Siku ya mazishi yake kaka yangu alimshika mama mkono, akaahidi kwamba ua hautaguswa maadamu mama yu hai. Mama haoni tena, lakini mle ndani hakuhitaji mtu wa kumwongoza. Alipapasa ukuta tu, huyo amefika kwenye mtungi.

Mwaka jana kaka alikuja asubuhi, mchangamfu kupita kiasi. "Abaayo, dada yangu, leo iko wageni wa heri. Bika ile nyama yako."

Wageni wa heri kwetu ni wa posa. Binti yake alikuwa amemaliza chuo, nikajua wanamjia yeye. Nikapika kwa moyo wote, mjinga mimi, hata hiliki sikuibania.

Baada ya chakula tukasikia dua ikianza barazani. Desturi yetu, dua ikisomwa mbele, wanawake huitikia kutoka uani. Maneno hayatufikii vizuri. Tunafuata sauti tu. Amin, Amin. Mama aliitikia kwa nguvu kuliko sisi sote, akimwombea mjukuu wake.

Kisha mwanamume nisiyemjua akaingia uani. Hakupiga hodi. Akaupiga mwarobaini kofi, akamwambia kaka aliyemfuata nyuma, "Huu mti tutakata kwanza. Maduka itaanzia hapa." Nilimtazama kaka. Akajifanya anatafuta simu mfukoni.

Nilimchukia pale pale, na sijaacha. Kuuza angeuza, lakini kutupikisha karamu ya kufukuzwa kwetu, na kutufanya tuiombee baraka!

Siku hizi mama anaishi kwangu, ghorofani, katika chumba ambacho kuta zake bado hajazizoea. Majirani wakija kusoma dua, sote tunainua mikono. Yeye huiacha yake magotini, akauliza kwanza, "Dua hii ni ya nini?"